Mtu Yuko Kwenye Laini

9 Septemba

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na lile goti limeacha deko. Sisi huku hatujambo. Baba amepata kazi kwenye kiwanda cha mikate. Anaondoka kabla hakujapambazuka na anarudi na unga kwenye kope, ukimwona utadhani amezeekea safarini. Tunakaa vyumba viwili juu ya duka la kufulia nguo, kwa hiyo sakafu yetu ina joto na inatetemeka mchana kutwa. Ulikuwa ukitusema kwamba hatutulii; sasa hata nyumba yenyewe haitulii.

Nimeanza shule. Sisi tuliokuja juzijuzi hatujachanganywa na wenyeji. Tumewekwa kwenye chumba cha chini ya ngazi, kilichokuwa stoo ya mipira, tujifunze Kiingereza kwanza. Wote ni wa umri wangu, kila mmoja na kwao, na hakuna wawili wanaoelewana isipokuwa mapacha wanaokaa mbele, na hao nao wamenuniana. Mwalimu wetu ni mwanamke mrefu, mpole, sweta lake lina viraka viwikoni. Alituambia siku ya kwanza, kwa mikono zaidi kuliko kwa mdomo, kwamba tukiona haya kusema habari zetu tuseme habari za Mgeni.

Mgeni ni mwanafunzi wa kubuni. Ana kiti chake karibu na bomba la kupashia chumba joto, ana daftari lake, na asubuhi mwalimu anamwita jina kama sisi, nasi darasa zima tunamwitikia. Mgeni kapotea, mwelekeze stesheni. Mgeni anaumwa jino, mpeleke kwa daktari. Huwezi kuamini, Bibi, lakini ulimi ambao kwa habari zangu unakuwa mzito, kwa habari zake unateleza wenyewe.

Kaka naye hajambo. Anakusalimu sana, anasema shikamoo.

Mjukuu wako


3 Oktoba

Mke mwenzangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma na miwani, nikaisoma bila miwani, kisha nikamsomea paka, ambaye ameondoka katikati. Goti lipo, linadeka kama kawaida yake. Mwambie baba yako aule huo mkate anaouoka, asikae kuwashibisha wenyeji huku yeye anapukutika.

Shangazi yako wa cherehani ameandika kwamba anakuja kukaa nami kidogo. Sikumwita. Mwaka wa tatu huu namwomba aje anipimie mapazia hana nafasi, leo nafasi imetoka wapi? Nimemjibu aje, lakini aje na cherehani.

Sasa kuhusu mume wangu, huyo kaka yako. Shikamoo ya nini? Ameniacha? Mwambie talaka haitumwi kwa barua ya dada mtu. Aniandikie kwa mkono wake, hata matusi mawili yananitosha.

Kuna jambo dogo, usimwambie baba yako, atanipeleka hospitali kwa maneno. Unajua sikio langu la kushoto, lile lililovaa vipokea sauti miaka yote niliyokaa kwenye swichibodi pale posta, nikiwaunganishia watu simu. Lilikufa zamani, ndiyo maana mimi na ninyi tunaandikiana wakati wenzetu wanapiga soga kwenye simu. Basi limeanza kukwaruza. Si ule mvumo wa uzee, ule naujua. Ni mkwaruzo wa laini ya mbali, kabla ya mtu kusema. Nakaa nao huku nachambua mchele, nasubiri mtu aseme.

Bibi yako, ambaye bado ni mke wa mtu


6 Novemba

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Baba amebadilishiwa kazi, sasa yuko kwenye oveni, mikono imekuwa myekundu lakini anasema afadhali kuliko kubeba magunia. Pole kwa sikio. Labda ni nta.

Kaka angekuandikia ila aliumia kidole kwenye mlango. Si sana. Kikipona ataandika.

Shuleni tunaendelea. Mwezi huu tumejifunza kueleza mtu alivyo na anapokaa. Mwalimu aliniita mbele nimweleze Mgeni, na mimi sikuwa nimejiandaa, nikasema yaliyonijia. Nikasema ana kovu kwenye nyusi. Nikasema ana pengo la jino la mbele na akizungumza anapiga mluzi bila kutaka. Nikasema ana dada mmoja, anaishi juu ya duka la kufulia nguo, asubuhi anachelewa kuamka. Mwalimu alifurahi, akaandika sentensi zangu ubaoni, na darasa zima likazisoma kwa pamoja mara nyingi, mpaka zikawa si zangu tena.

Tangu siku hiyo Mgeni amekuwa mtu. Wenzangu wanamsogezea kitabu. Mmoja wa wale mapacha anampisha njia akipita. Juzi nilifika wa kwanza, nikaweka mkono kwenye kiti chake, kilikuwa na joto. Najua utasema ni bomba. Nami nilisema hivyo hivyo, halafu nikaliwekea mkono bomba lenyewe, lilikuwa baridi, maana mhudumu wa shule alikuwa hajawasha.

Kaka anasema shikamoo.

Mjukuu wako


30 Novemba

Mke mwenzangu,

Marahaba tena. Shangazi yako hajafika. Kwanza gari liliharibika, kisha mteja alitaka sare za harusi, kisha meno. Nikipata udhuru wa nne nitajua hataki kuniona.

Mtu amesema.

Ilikuwa asubuhi, naanika nguo. Mkwaruzo ukakatika kama unavyokatika laini ikishika, na kijana akaanza kuongea ndani ya sikio langu lililokufa. Kiingereza. Unajua mimi Kiingereza changu ni cha swichibodi: ngoja kidogo, nani anapiga, samahani laini haipatikani. Kingine nilikiokota kwa kuwasikiliza watu, jambo ambalo tulikatazwa na sote tulilifanya. Kwa hiyo nimeelewa kiasi. Anaongea polepole kama anasoma ubaoni. Anasema anatafuta stesheni. Anasema jino linamuuma. Anasema ana dada mmoja na anaishi juu ya mahali pa kufua nguo. Akimaliza anaanza upya. Kila penye herufi ya s, kunatoka mluzi.

Nilikaa kwenye swichibodi hiyo mpaka nywele zikageuka rangi. Sauti ya mtu nikishaisikia mara moja sikosei tena, hata akijibana pua. Hii naijua. Lakini sitasema ni ya nani, nakungoja wewe.

Nimemwuliza kwa Kiswahili, mwanangu, unamtaka nani? Hanisikii. Ndivyo ilivyo, mpigaji akiwa hajaunganishwa, wewe unamsikia yeye hakusikii.

Kile kidole kimepona?

Bibi yako


19 Januari

Bibi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Niliandika mara kadhaa nikachana. Sisi hatujambo.

Tafadhali usimjibu. Ukimsikia funika sikio, imba, fanya kelele yoyote. Ulichoniandikia ni masomo yetu, Bibi, kwa mpangilio wake uleule: stesheni, jino, halafu nyumba. Mimi sikukuandikia kwamba kila asubuhi tunayarudia yote kwa sauti, tukimaliza tunaanza upya. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye ngazi za duka.

Kuna mvulana anakaa nyuma, tunamwita Kofia kwa sababu haivui hata akiambiwa. Tangu tuanze hajawahi kutamka neno, la Kiingereza wala la kwao. Wiki hii tumeanza mavazi. Mwalimu akauliza Mgeni amevaa nini leo. Mmoja akasema koti, mwingine akasema suruali ya bluu. Kofia akainua mkono. Darasa zima liligeuka. Akasema, kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko changu, kwamba Mgeni hana viatu. Mwalimu akamuuliza viko wapi. Akanyoosha kidole chini ya dawati langu.

Bibi, viatu ninavyovaa ni vya Kaka. Vile vyeusi ulivyomwagizia kwa fundi viatu kabla hatujaondoka. Vinanizidi, nimeweka magazeti mbele. Hakuna mtu huku anayejua. Baada ya darasa nilimshika Kofia mkono, nikamuuliza nani kakwambia. Akakitazama kile kiti, akashangaa kwamba nauliza.

Usiniulize kwa nini navivaa mimi. Baba amenikataza. Alisema kuna habari ambazo mtu mzima hapewi kwa karatasi, peke yake ndani ya nyumba, bila mtu wa kumshika. Alisema Shangazi ndiye atakayekuja kukaa nawe. Mimi kazi yangu ni kuandika salamu. Naandika salamu, Bibi. Nimechoka kuziandika.

Naogopa kwenda shule na naogopa kutokwenda. Nisipokuwepo, nani atamsemea? Na mimi ndiye niliyempa lile pengo.

Mjukuu wako


15 Februari

Mke mwenzangu,

Marahaba, mwanangu. Kaa chini kwanza.

Shangazi yako alikuja hatimaye. Alikaa wiki nzima. Alinipikia, alinifulia, alinishonea mapazia ya nyumba yote na alipoishiwa vitambaa akaanza kupunguza magauni yangu. Kila nikimtazama usoni anaomba sindano. Kisha akapanda gari akarudi kwake bila kusema neno, analia, eti ni vumbi. Sikumkasirikia. Hata mimi ningeshona.

Sasa nisikilize. Nimejua tangu barua yako ya kwanza. Yule mume wangu, tangu alipopata ulimi, hajaniamkia hata siku moja. Kila mtu anamjua kwa hilo. Ananiita kizee changu, ananiambia meno yangu ameyaona sokoni yanauzwa. Wewe ulishindwa kuandika utani kwa kinywa chake. Ulitafuta neno la heshima, la kumsemea mtu asiyekuwepo. Niliiona hiyo shikamoo, nikafunga mlango, nikakaa sakafuni mpaka paka akaja. Halafu nikakujibu kwa mzaha, kwa sababu nilidhani wewe ndiye hujaambiwa ukweli, kwamba wamekudanganya kuwa yuko mahali fulani, anakuja. Nikasema sitakuwa mimi wa kumvunja mtoto moyo kwa barua. Tazama jinsi tulivyofichana, mimi na wewe, tukafanana.

Baba yako yuko sawa. Msiba hauandikwi. Basi usiniandikie mimi chochote.

Lakini nikuambie jambo la kazi yangu. Kwenye swichibodi tulikuwa na kosa moja ambalo halisameheki. Unaweza kumkata mtu kwa bahati mbaya, unaweza kumuunganisha na bucha badala ya mkewe, watakufokea yataisha. Ila usimwache mtu kwenye laini. Ama unamuunganisha, ama unamwambia waziwazi kwamba anayemtaka hapatikani, aweke simu aende zake. Ukimwacha ananing'inia pale, anasubiri. Na mtu anayesubiri hajui kama kumekucha au kumekuchwa, hajui ajali imetokea, hajui lolote. Anarudia maneno yake tu.

Huyo mtoto tumemwacha kwenye laini. Wewe kwa salamu, mimi kwa kuuliza. Mmemfundisha kuomba njia ya stesheni, mwenzangu, na hakuna aliyemwambia kwamba safari yake imeisha.

Mimi ningemwambia, lakini hanisikii, na Kiingereza changu kinaishia samahani laini haipatikani. Nimemwambia hilo. Akaniuliza tena stesheni. Wewe anakusikia, uko naye chumba kimoja. Mwambie. Na umwambie kwa Kiswahili. Hicho kingine ndicho kinachomzungusha.

Baba yako akiuliza, mwambie hukuniandikia mimi.

Bibi yako


21 Machi

Bibi,

Shikamoo. Nimemwambia.

Sikuweza wiki ya kwanza wala ya pili. Kila nikisimama mwalimu anatabasamu, anadhani ni zoezi, na mimi nakaa. Jumanne mwalimu aliita majina. Alipofika kwa Mgeni darasa likaitikia, na juu ya sauti zetu kukawa na moja zaidi, yenye mluzi. Mapacha walishikana mikono. Mwalimu aliacha kuandika akahesabu vichwa kwa macho.

Nikaenda nikasimama mbele ya kile kiti. Nikamwambia, Kaka, homa ilikushika ndani ya lori, tulipokuwa tumelala kati ya maboksi ya vigae. Baba alikuwa anakupepea kwa shati. Ulisema ukifika utamtafutia Bibi mke mwenza kijana, wa kumkanda goti. Tukacheka. Halafu ukalala na hukuamka. Dereva alisimama kwenye shamba la watu, wanaume tusiowajua wakachimba, mmoja akavua kofia yake. Baba alikuvua viatu kwa sababu vyangu vilikuwa vimeachia soli na bado tulikuwa na mwendo mrefu. Nilivivaa vikiwa bado na joto lako. Umekufa, Kaka. Hukufika huku. Hukai juu ya duka la kufulia. Hakuna stesheni unayotakiwa kwenda. Acha kujifunza, pumzika.

Nilikuwa sijawahi kulisema neno hilo kwa Kiswahili. Kwa Kiingereza nalijua, liko kwenye orodha ya maneno ya wiki ya kumi, nimelipata vema. Kwa Kiswahili lilinitoka na kilio ambacho sikujua ninacho.

Hakuna aliyeelewa, na wote walielewa. Kofia akainuka, akaja akasimama kando yangu. Akaivua ile kofia. Akakiambia kiti maneno ya kwao, marefu, kama mtu anayempa mwingine maelekezo ya nyumbani. Kisha mapacha, wote wawili kwa pamoja. Kisha msichana wa dirishani. Ndipo nilipojua kwamba sikumpa Mgeni kila kitu peke yangu. Kila mmoja wetu alikuwa amemweka mtu wake pale. Mwalimu alisimama ubaoni na chaki mkononi, chozi linamtiririka, hajui analia nini. Alipomaliza wa mwisho, kiti kilitoa mlio mdogo wa mbao, kama kinavyolia mtu akiinuka. Basi.

Kesho yake mwalimu aliita jina lake kwa mazoea. Tulinyamaza. Alisubiri kidogo, akaita linalofuata.

Nilimweleza Baba nilichofanya. Nilidhani atanifokea. Alikaa kwenye kitanda cha Kaka, kile ambacho alikinunua na hakuna aliyekilalia, akaniambia, mwandikie mama yangu unavyotaka. Akaziba uso kwa ile mikono yake iliyoungua. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona analia tangu pale shambani.

Mjukuu wako


12 Aprili

Mjukuu wangu,

Marahaba.

Nilijua kabla barua haijafika. Ilikuwa Jumanne, nilikuwa naosha vyombo. Alikuwa anaongea, akanyamaza katikati ya sentensi, kama mtu anayeguswa bega. Akasikiliza kwa muda. Nilimsikia anapumua. Kisha kwa Kiswahili, kwa sauti yake ile ya ujeuri, akasema, kizee changu, goti lako? Nami nikajibu kama ninavyomjibu siku zote, nikamtukana ukoo mzima. Sijui kama alisikia. Laini ikakatika vizuri, kwa mlio ule safi wa mtu aliyeweka simu mwenyewe.

Tangu hapo sikio limekufa kweli. Nilidhani nitafurahi. Nimekaa siku kadhaa naliinamisha huku na huku, naliwekea hata redio, hakuna. Ndiyo kwanza nimefiwa, mwanangu. Miezi yote hii nilikuwa na habari, sikuwa na msiba. Leo nimefungua mlango na kuwaambia majirani. Wamejaa uani, wamekaa. Shangazi yako amerudi, safari hii bila cherehani, tunalala kitanda kimoja. Ametamka mwenyewe. Nimemshika yeye badala ya yeye kunishika mimi.

Viatu vaa. Usivitoe magazeti mpaka mguu ujae.

Wageni walipotulia nimezitoa barua zako nikazisoma kwa mfululizo. Habari za baba yako ninazo, hadi unga wa kwenye kope. Habari za kaka yako umenipa kila mwezi kwa uchungu wako. Viraka vya sweta la mwalimu navijua, kofia ya mwenzio naijua. Kila barua unaandika sisi hatujambo. Wewe mwenyewe nimekutafuta mstari kwa mstari, hujaandika popote.

Usiniletee tena salamu zake. Barua ijayo nataka jibu moja tu, na nitalisubiri. Wewe, hujambo?

Bibi yako